Ukuta wa Darasa la Pili

Leutu alikuwa anakuna nazi nyuma ya nyumba yake, katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Upolu, tetemeko dogo lilipopita Jumanne asubuhi. Kuku walinyamaza, bakuli likasogea kidogo, basi. Alipoinua macho, kuta zote za matofali zilikuwa angavu kama maji ya kisimani, zinaonekana hadi ndani. Akamaliza nazi kwanza.

Watu walishajaa nyumbani kwa mchungaji wa kanisa. Lo, nyumba ile! Nondo zilitoka kwenye msingi zikapita ndani ya matundu ya matofali hadi juu, zimefungwa waya, zege limezikumbatia. Mtetemo uliosalia ulionekana ukipanda ukutani. Tofali likitaka kuachana na mwenzake, nondo inalivuta, linarudi. Wazee wakaketi chini barabarani, kwa kuwa mbele ya kitu kikubwa mtu hasimami. Leutu naye akaketi, machozi yakamtoka kwa uzuri ule.

Kisha akaenda shuleni. Binti yake Moeata alimpungia mkono kupitia ukuta wa Darasa la Pili. Matundu ya matofali yalikuwa matupu, mjusi tu na karatasi ya biskuti. Hapa mtetemo ulipanda bila wa kuuzuia, na tofali la juu ya kichwa cha Moeata lilicheza kama jino la mtoto.

Iakopo, kaka yake Leutu, fundi aliyejenga nyumba ile na shule hii, alisimama pale ameinamisha kichwa. Kwao kaka hamdanganyi dada, na laana ya dada huogopwa kuliko zote.

“Iakopo, nondo za mwanangu ziko wapi?”

“Si umetoka kuzililia sasa hivi, dada?”

“Nani alizihamisha?”

“Kijiji kizima. Nani angemnyima mchungaji? Wewe mwenyewe ulitupikia siku ya kuzibeba.”

“Nilipika, ndiyo. Zirudishe.”

“Zege likishazishika hazitoki, mpaka nyumba ibomolewe. Nenda ukawaambie wazee. Au nilaani. Haki yako.”

“Nikulaani, halafu nani atajenga upya? Mjinga wewe!”

Wazee hawakuambiwa kitu ambacho hawakuwa wamekwisha kukiona, na nyumba haikubomolewa. Mchungaji alishukuru kwa ibada ndefu.

Kuta hazikurudi zilivyokuwa. Watoto wakawa wanatazama barabara badala ya ubao, kwa hiyo akina mama wakashona mapazia. La Darasa la Pili alishona Leutu, la maua mekundu, akaacha upenyo wa kiganja kwenye kona. Kila asubuhi anakuna nazi akiwa ameielekezea shule uso. Kupitia upenyo ule anakiona kichwa cha Moeata, na tofali juu yake.