Mlango wa Jikoni Nyuma ya Goli

Uwanja wa klabu una majukwaa matatu tu. Upande wa nne, nyuma ya goli la kaskazini, ni ukuta wa nyumba ya Shangazi, ambayo baba yake alikataa kuiuza uwanja ulipojengwa. Mlango wa jikoni unafunguka uwanjani, na tangu utotoni Shangazi hutazama mechi akiwa amekaa kizingitini, akiwazomea makipa wageni.

Mwaka huu timu ilipanda daraja. Mkaguzi wa ligi aliupima ukuta, akasema unafaa kuwa uzio. Mlango ndio haukubaliki: uzibwe, la sivyo mechi za nyumbani zitachezewa mji mwingine.

Mwenyekiti wa klabu akajaribu kumbembeleza. "Shangazi, tutakupa kiti jukwaa kuu, bure, maisha yako yote."

"Kule juu? Kipa atanisikiaje?"

"Makipa wameshalalamika, mama," mkaguzi alisema.

"Wamelalamika!" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza, "Nikikataa, mnahama kweli?"

"Tunahama," mwenyekiti alijibu.

Shangazi aliangalia nyasi za uwanja. "Haya, zibeni. Ila hili dirisha la kando mniachie."

Mkaguzi alipekua kanuni. Zilikataza milango, madirisha hazikuyataja. "Liwekwe nondo," alisema.

Fundi alipoanza kupanga matofali, Shangazi alivuta kiti hadi dirishani, akakaa. Aliona anga tu.

"Fundi," aliita, "ukimaliza hapo, njoo unishushie hili dirisha."