Kikohozi cha Tarumbeta

"Tafuna, mwanangu. Hukimbizwi."

"Mama, mimi ni mwalimu sasa!" Binti akacheka, tonge bado mdomoni, na kicheko kikageuka kikohozi: kikavu, chenye mlio wa shaba. Ndicho kilichofanya mtaa mzima umwite Tarumbeta.

Mama yake, dobi, hakuinua macho. Alikuwa akipiga pasi blauzi ya safari. Binti alikuwa anahamia mji wa mbali kuanza kazi, na pasi ilirudi tena na tena kwenye kola iliyokwisha kunyooka.

Miaka ile binti huyo alizaliwa mchana, mzima kwa kumtazama, ila mate yalimtoka kama povu la sabuni. Dobi alimweka kifuani. Akanyonya funda moja, akapaliwa, midomo ikageuka rangi ya wino.

"Mtoe! Usimpe tena!" Mkunga akampokonya.

Daktari alieleza taratibu. Mrija wa chakula ulikuwa umeishia njiani, umezibika kama ncha ya soksi, na kipande cha chini kimejiunga na njia ya pumzi. "Huwapata watoto wachache sana. Tutampasua, tuunganishe."

Baada ya upasuaji dobi alikamua maziwa kikombeni, muuguzi akayapitisha kwenye mpira mwembamba hadi tumboni mwa mtoto. Mumewe, aliyekuwa hai bado, alijikaza kutania: "Hata nyumbani hajafika, keshaanza kulishwa kama sultani." Kisha akatoka nje kujifuta macho.

Ikawa hivyo hadi asubuhi ile muuguzi aliposema, "Leo jaribu kumnyonyesha, mama." Mtoto akavuta. Wazazi wengine wodini wakainua shingo kutazama. Koo dogo likapanda, likashuka. Akameza. Akavuta tena.

Ajabu ya moyo: siku zile dobi alizolia ndizo alizozitamani sasa. Hofu hakuitaka, hata kidogo. Alitaka ule uzito mdogo kifuani pake.

"Mama, utaiunguza blauzi!"

"Siiunguzi. Na ukipaliwa huko ugenini?"

"Nitakohoa. Utasikia hukuhuku."

Dobi akacheka bila kupenda. Akamkunjia blauzi, akamfungia begi, akamshika mashavu kwa viganja vyenye joto. Binti akaenda, akigeuka nyuma mara kwa mara mpaka kona ikamficha.

Chumba kikawa kikubwa. Dobi akafungua dirisha. Ng'ambo ya njia, mwanamke kijana alikuwa ameketi kwenye ngazi akinyonyesha. Dobi akabaki pale, mkono umeshika pazia, hadi kichanga kikaachia titi chenyewe, kikalala.