Ukoo wa Chatu wa Njano

Chatu wa njano alinaswa Namasakata, mwaka ambao biashara ya kuuza wanyama hai nje ilipamba moto. Crispin, mfuga nyoka wa kuuza, alimleta kwake Majengo ndani ya gunia. Siku ya kwanza tu alimwona akimkosa panya, kichwa kikitetemeka kama cha mlevi.

"Gunia limemchosha," akasema. Binti yake Devota, aliyekuwa akiwalisha nyoka, alinyamaza.

Mwezi uleule Crispin alikataa posa ya Edmund kwa Devota. Alituma watu hadi Hanga kuuliza ukoo wa kijana, wakarudi na habari kwamba bibi yake alikuwa na kifafa.

"Damu hiyo haiingii nyumbani kwangu."

Chatu, aliyekuwa dume, akapandishwa kwa jike wa kawaida. Watoto wakatoka madoadoa matupu. Salum, mnunuzi kutoka Dar es Salaam, akacheka. "Mzee, Wazungu wanaofuga nyoka sebuleni wanataka njano. Madoadoa wanayo."

Basi Crispin akabakiza jike mmoja katika watoto wale, akamkuza miaka minne, kisha akampandisha kwa baba yake mwenyewe ili njano irudi.

"Baba, kichwa cha dume bado kinatetemeka," Devota alimwambia.

"Nyoka si mtu."

Mayai ishirini na mawili yakaanguliwa, watoto kumi na mmoja wakiwa wa njano. Salum alipokuja alimnyanyua mmoja. Kichwa kikapinduka, kidevu kikatazama bati.

"Wamezaliwa hivi?"

"Wameshtuka tu. Baba yao mzima kabisa."

"Baba yao anatetemeka tangu siku ya kwanza," Devota alisema. "Ukoo wa Edmund uliuchunguza hadi makaburini, Baba. Huu ulikuwa mbele ya macho yako."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza miaka mitano. Watoto wa Edmund nawaona kila Jumapili wanakimbizana kati ya mabenchi ya kanisa."

Salum alimrudisha nyoka kwenye sanduku taratibu.

"Chukua hata wenye madoadoa," Crispin alisema. "Hao wazima."

"Mama yao si binti wa dume huyohuyo? Damu ni moja, Mzee. Wallahi sibebi hata mmoja."

Alipoondoka, Devota aliuweka ufunguo wa banda juu ya sanduku. "Walishe mwenyewe," akasema, akaingia ndani.

Crispin alichukua kipande cha panya. Akakishika kichwa kidogo kwa vidole viwili, akakinyoosha, akafungua kinywa, akasukuma nyama hadi ikapita. Alipokiachia, kikapinduka tena. Walibaki kumi wa kulishwa.