Ungo wa Majivu

"Soma tena," Ikupa alisema, "na safari hii usiimbe. Anayesoma hutazama, anayeimba hufumba macho."

Tumpe akaweka kidole chini ya neno lililoandikwa ukutani. Ukuta huo wa udongo Ikupa, mama yake, alikuwa ameupaka masizi ya chungu yaliyochanganywa na maji ya majani ya maboga, ukawa mweusi kama ubao wa shule. Chaki yao ilikuwa vipande vya muhogo mkavu, alivyovileta baba yao kutoka Chimala. Ezekia, mdogo wake, ambaye meno yake ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka, alikuwa akikilamba kipande chake badala ya kukiandikia.

"Ka-la-mu," Tumpe alisoma. "Kalamu ya..."

Kikohozi kikasikika mlangoni mwa nyumba.

Ikupa hakungoja neno la pili. Aliuacha muhogo uanguke, akaivuta kanga hadi usoni, akainama na kukimbilia jikoni, banda la mianzi lililokuwa upande wa pili wa ua. Alipokwisha kuingia, mzee Asukile, baba wa mumewe, alitoka taratibu kwa mkongojo wake, blanketi mabegani, akaketi kwenye kigoda chini ya ukuta mweusi. Jua la asubuhi lilianzia hapo. Katika kipupwe cha Uyole, upepo unaposhuka milimani na ukungu kufuata nyuma yake, hapakuwa na mahali pengine pa kumpasha joto mgonjwa wa kifua.

Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkaza mwana haonani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasimami njiani mwake, halitaji jina lake, wala hapazi sauti mahali anapoweza kusikiwa naye. Baba mkwe naye, akiwa mtu mwenye heshima, hukohoa kabla ya kutokea ili mwanamke apate nafasi ya kujificha. Kule kwao Rungwe desturi hiyo haikuwa mzigo. Nyumba zilitengana, migomba ilikuwa mingi, na vijia vilikuwa vingi kama migomba. Hapa Uyole kulikuwa na ua mmoja na lango moja. Tangu mzee alipoletwa ili awe karibu na hospitali ya Mbeya, Ikupa alikuwa amefungua tundu katika ua wa nyuma ya jiko, akapita humo kwenda mtoni na shambani, akiinama kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

Lakini lililomtesa zaidi lilikuwa kikohozi chenyewe. Mzee alikuwa mgonjwa, na mgonjwa wa kifua hakohoi kwa sababu ya heshima. Alikohoa akiamka, akila, akilala. Ikupa hakuweza kutambua ni kikohozi kipi kilichosema "ninakuja" na ni kipi kilichosema "ninaumwa". Kwa hiyo alivikimbia vyote. Chungu kiliungua, maziwa yalifurika, somo lilikatika katikati ya neno.

"Andika: kalamu ya mwalimu," alinong'ona sasa, mdomo wake ukiwa kwenye upenyo kati ya mianzi.

Akasikia muhogo ukikwaruza ukuta.

"Nimeandika, Mama."

"Umeandika nini?"

"Ulichosema."

"Herufi ya mwisho imekaaje?"

"Imekaa vizuri."

"Uongo!" Ezekia alipaza sauti kwa furaha. "Imepanda mgongoni kwa Babu!"

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na jikoni Ikupa akajifunika tena, ingawa tayari alikuwa amejificha.

Mafundisho hayo ya nyumbani hayakuwa mchezo wa kupoteza siku. Ikupa alisoma hadi darasa la nne kwa wamishenari, na kabla ya kuolewa aliwafundisha watoto wa kanisani kwao kusoma. Shule ya hapa ilikuwa na mwalimu mmoja na madawati machache. Tumpe alipopelekwa mara ya kwanza, nafasi zilikuwa zimejaa. Alipopelekwa mara ya pili zilikuwa zimejaa wavulana. Mwaka ujao angeambiwa kwamba amekuwa mkubwa mno kwa darasa la kwanza. Kisha mtoto mmoja wa darasa la pili alihamia Iringa na wazazi wake, na mwalimu Liberatus Kalinga, Mhehe mrefu mwenye baiskeli, akamtumia baba yake Tumpe ujumbe: baada ya likizo ya katikati ya mwaka atapita kumsikiliza msichana. Akiweza kusoma na kuandika imla, kiti hicho ni chake. Asipoweza, kipo cha mtu mwingine.

Andendekisye, mume wa Ikupa, aliuleta ujumbe huo pamoja na mchele na vumbi la barabara nzima. Alikuwa dereva wa lori kati ya Mbeya na Iringa, mtu mpole, mwenye usingizi mwingi kila alipofika nyumbani.

"Baba Tumpe," Ikupa alimwambia jioni hiyo, wakiwa jikoni, "nakuomba neno moja. Kigoda cha Mzee kihamishiwe upande wa lango. Jua hufika huko pia."

"Huko kuna upepo."

"Basi nihamie mimi. Nipake masizi ukuta wa nje."

"Ukawafundishe watoto barabarani, wapita njia wakutazame?"

"Nawafundisha nisichokiona. Mtoto anaandika, mimi nasikia mkwaruzo tu. Panya naye hukwaruza."

Andendekisye akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nitamwambiaje baba yangu kwamba ameketi mahali pabaya? Nianze na neno gani? Vumilia, Mama Tumpe. Ni mgonjwa."

"Mimi sikusema si mgonjwa."

"Najua."

"Unajua," alisema Ikupa, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alfajiri lori liliondoka.

Jirani yake Apolonia, mwanamke wa Iringa aliyeuza viazi kando ya barabara kuu, alikuwa akimchungulia mara kwa mara kupitia tundu la nyuma.

"Kamwene, mfungwa!" alimsalimu kwa Kihehe. "Leo umekimbia mara ngapi?"

"Nyamaza, Apolonia. Atasikia."

"Ninyi Wanyakyusa mna mambo! Mzee hana nguvu ya kuua nzi, lakini akikohoa tu, mwanamke mzima anaruka kama kuku aliyeona mwewe. Kwetu ungemnawisha mikono."

"Kwenu mna mambo yenu pia."

"Tunayo. Ila jikoni tunaingia kupika." Akamkabidhi viazi kadhaa kupitia tundu, kisha sauti yake ikalainika. "Huo moshi utakutoa macho, dada. Na mwalimu anakuja lini?"

"Wiki ijayo."

"Na mtoto yuko tayari?"

"Sijui," Ikupa alisema, akaanza kumenya viazi.

Siku hiyohiyo, alipokuwa akizoa majivu mekoni, ndipo alipotambua alichokuwa nacho mkononi. Aliyachekecha majivu hadi yakawa laini kama unga, akayatandaza kwenye ungo, akayasawazisha kwa kiganja. Alimwita Tumpe kwa kugonga mwanzi. Mtoto akaingia, akapiga magoti, akaandika kwa kidole. Na kwa mara ya kwanza tangu mzee afike, Ikupa aliuona mwandiko wa binti yake kabla mgongo wa mzee haujaufuta. Ulikuwa mbaya. Herufi zilikuwa zimejikunja, zimekimbilia pembeni, kama kwamba katikati ya kila neno ameketi mtu asiyepaswa kuguswa.

"Hapa hakuna mgongo wa mtu," Ikupa alinong'ona. "Andika katikati."

Akafuta kwa kiganja. Tumpe akaandika tena. Wakaendelea hivyo kila asubuhi katika giza la moshi, macho yakiwatoka machozi, vidole vikiwa vya kijivu, mama akinong'ona na mtoto akinong'ona. Maneno yakanyooka. Lakini siku moja, akitazama nje kupitia upenyo, aliwaona watoto wakicheza. Ezekia alikuwa amejifunga gunia mabegani, akatembea kwa fimbo, akakohoa. Tumpe, aliyejitanda kitambaa kichwani, akaruka, akainama, akakimbia kujificha nyuma ya pipa.

"Umechelewa!" Ezekia alimkaripia. "Nimeuona mguu wako!"

"Basi kohoa tena."

Naye akakohoa tena, dada yake akakimbia vizuri zaidi. Ikupa alitaka kucheka. Badala yake aliugeukia ungo, akayafuta majivu kwa kiganja.

Mwalimu Liberatus alifika asubuhi yenye upepo, suruali yake imebanwa kwa vibanio vya baiskeli, kibao cha kuandikia kikiwa kwapani. Alimwamkia mzee, akapewa kigoda, akaketi. Tumpe alisimama mbele yake amepakwa mafuta hadi magotini. Jikoni, Ikupa aliweka jicho kwenye upenyo, akalielekeza kwa mtoto tu, mbali na kigoda cha chini ya ukuta.

Mwalimu alimpa kitabu. Tumpe akasoma, sauti ndogo, lakini bila kuimba, kidole kikifuata mstari. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akampa kibao na kijiti chake.

"Sasa imla," alisema. Na kama wafanyavyo walimu wengi kabla ya imla, akakohoa kusafisha koo.

Kibao kilianguka. Kabla Ikupa hajaelewa, mtoto alikuwa amekwisha kuvuka ua, ameinama, mikono usoni, na kujitupa miguuni pake katika majivu.

"Rudi," Ikupa alinong'ona. "Rudi upesi!"

"Amekohoa."

"Yule ni mwalimu."

"Na Babu ni babu tu, mbona unamkimbia?"

"Mimi ni mkwe. Wewe si mkwe wa mtu."

Tumpe aliinua uso wenye mafuta na majivu. "Kwani mtu huanza lini kuwa mkwe?"

Ikupa alianza kumpangusa majivu usoni kwa pindo la kanga.

"Mama mtoto!" Mwalimu aliita kutoka nje, kwa sauti isiyo ya hasira bado. "Binti anaumwa? Mchana namsikiliza mtoto mwingine, na kiti ni kimoja. Mama mtoto, unanisikia?"

Alimsikia. Neno moja lilitosha: ngoja. Lakini neno hilo lilipaswa kusemwa kwa sauti, na sauti yake, baada ya majuma yale yote ya kunong'ona, haikupanda. Alimshika mtoto mabega, akamsukuma kuelekea mlangoni. Mtoto akaning'inia kwenye kanga yake.

Nje, mwalimu alisimama. Baiskeli ikalia mnyororo wake.

"Usimwite, mwalimu," ilisema sauti ya mzee, polepole, ikitafuta pumzi. "Hawezi kukujibu mimi nikiwa hapa. Ninyi Wahehe hamjui."

"Basi nikusaidie usogee, Mzee wangu."

"Miguu yangu imekufa ganzi kwa baridi. Tutakaa hapa hadi jioni nikianza kuondoka. Ngoja."

Kukawa na mkwaruzo wa kigoda kikigeuzwa. Ikupa hakutazama, lakini ukingoni mwa jicho lake aliona blanketi likiinuka na kushuka, na mahali palipokuwa na mtu pakawa na kilima cha kijivu kilichoelekea ukutani.

"Sasa sipo," mzee alisema ndani ya blanketi. "Mwambieni mtoto hapa hapana wa kukimbiwa. Wewe mwalimu, usikohoe. Na mimi sitakohoa."

Ikupa alivuta pumzi. Alimshika Tumpe mkono, akaenda naye hadi mlangoni. Mguu wake mmoja ulivuka kizingiti ukakanyaga ua, mzee akiwa nje, kwa mara ya kwanza katika kipupwe hicho. Wa pili ulibaki ndani. Akageuzia uso kwenye miti ya ua, akaachilia mkono wa mtoto.

Mwalimu akakiokota kibao. "Baba amekwenda Iringa kwa lori," alisoma, kwa uangalifu, kama mtu abebaye maji.

Tumpe aliinama. Kwanza alikipitisha kiganja juu ya kibao, akakilainisha, kana kwamba kulikuwa na kitu juu yake cha kusawazishwa. Mwalimu akashangaa. Kisha kijiti kikaanza kulia.

"Mama anachimba viazi."

Blanketi lilitikisika. Lilitulia, likatikisika tena, na sauti kavu, iliyobanwa, ikasikika ndani yake kama ya mtu anayeng'ata kitambaa. Tumpe aliinua kichwa. Ikupa, uso ukiwa bado kwenye miti, alikunja vidole vya miguu juu ya udongo.

"Andika," alisema. Neno hilo halikuwa mnong'ono. Lilitoka lenye mikwaruzo, fupi, na ua mzima ukalisikia.

Mtoto aliandika.

Mwalimu Liberatus alikitazama kibao kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alisahihisha neno moja. "Jumatatu aje," alisema, akiuambia mlango wa jiko bila kuutazama, "na jembe lake dogo. Tuna shamba la shule." Akapanda baiskeli.

Ilipotoka langoni, kikohozi cha mzee kilipasuka, kirefu, chenye kuumiza, kikaendelea hata kuku wakaacha kudonoa. Ikupa alikuwa amekwisha kuurudisha mguu ndani.

Jumatatu Tumpe aliondoka na ukungu, jembe begani, hakugeuka nyuma hata mara moja. Ikupa alimtazama kupitia tundu la nyuma hadi barabara kuu ilipomchukua. Kisha alirudi, akamsimamisha Ezekia mbele ya ukuta mweusi, akaandika herufi kubwa tatu juu ya alama ya mgongo wa mzee iliyofifisha masizi.

"Soma."

"Na Tumpe atarudi lini?"

"Soma, nimekwambia."

Ndani ya nyumba mkongojo ukagonga sakafu, ukasogea, ukafika mlangoni. Mkono wa Ikupa ulikwisha kuishika kanga. Alingoja kikohozi. Hakikuja. Mkongojo ulisimama, nyuma ya mlango mzee alikuwa ameizuia pumzi yake asikohoe, somo lisikatike, na Ezekia, kidole kikiwa chini ya herufi ya kwanza, alimtazama mama yake aliyebaki amesimama katikati ya ua, kanga mkono mmoja, muhogo mkono wa pili.