Nani Anavigusa Viatu vya Bingwa?

Unywele haukuwepo.

Mizuho Tomabechi alipiga magoti kwenye chumba cha viatu, akafunua tena kitambaa kinachofunika vyuma vya viatu vyake vya kutelezea barafuni, akakikung'uta, akatazama sakafuni, akatazama hata kwenye mikunjo ya suruali yake. Hakuna. Kabla ya kwenda kula alikuwa ameulaza unywele wake mmoja mrefu chini ya kitambaa hicho, kwa makusudi. Sasa umekwenda, na nywele hazina miguu.

Basi ni kweli. Kuna mtu anavigusa.

Naye alikuwa amelijua hilo tangu theluji ya kwanza. Bingwa wa mita mia tano hahitaji kuambiwa na mtu kwamba chuma kimeguswa. Asubuhi anavinoa mwenyewe, anavibana kwenye kibao, anapitisha jiwe. Mchana akivivaa haviko vile alivyoviacha. Siku nyingine vinang'ata barafu vizuri ajabu. Siku nyingine, hasa timu ikisafiri, vinamtoroka kona ya mwisho mbele ya watu. Siku nzuri alizihesabu zake. Siku mbaya alizihesabu za mbaya wake.

Na mbaya wake ni nani? Pale Obihiro, mji wao wa wakulima na baridi kali, mtu atakuazima gari lake la kuvunia viazi, atakuazima hata mama yake akupikie, lakini kiatu cha barafu hakiguswi na mwingine. Mdogo katika timu huwafutia wakubwa maji kwenye vyuma baada ya mazoezi, ndiyo, hiyo ni kazi yake, kama kufagia. Anafuta, anafunika, anaondoka. Mdogo wa timu msimu ule alikuwa Iroha Nukaga, binti mfupi mwenye mapaja kama magogo, mpole hadi anakera. Na Olimpiki ilibakiza nafasi moja ya mita mia tano. Wa kuigombania kwa kweli walikuwa wawili: Mizuho na huyo huyo Iroha. Sasa unataka ushahidi gani tena? Kikulacho ki nguoni mwako.

Mezani Mizuho hakula. Alimtazama Iroha akila wali na nyama ya nguruwe kwa raha zake, mpaka Mwalimu Shibukawa, kocha wao, akagonga bakuli lake kwa vijiti.

"Mizuho, unamla mwenzio kwa macho, na wali wako unapoa."

"Sina njaa, Mwalimu."

"Dada Mizuho, nikuletee supu?" Iroha aliuliza, ameshanyanyuka nusu.

"Kaa. Umeshaniletea vya kutosha."

Wote wakacheka wakidhani ni utani. Iroha peke yake hakucheka. Mizuho akaliweka na hilo kwenye hesabu.

Kesho yake, Ijumaa, mchujo ukiwa Jumamosi na Jumapili na muda bora wa mtu katika siku hizo mbili ndio unaohesabiwa, alinoa viatu vyake asubuhi kama kawaida, akaenda kula na wenzake, kisha akajipiga mifukoni, eti amesahau simu. Akarudi kwa soksi, akinyata. Akaufungua mlango wa chumba cha viatu kwa mpigo.

Iroha alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka. Kiatu cha kushoto cha Mizuho kiko pembeni, kimekwisha funikwa. Cha kulia kiko mapajani pake, na mkononi ana kinoo kidogo.

"Endelea," Mizuho alisema. "Usinionee haya. Maliza kazi."

Kinoo kikaanguka. "Samahani, dada. Samahani sana."

"Ya nini? Itaje."

"Samahani."

"Nakuuliza umefanya nini kwenye kiatu changu!"

Iroha akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mizuho alikipokonya kile kiatu. Alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira, tuseme ukweli, alikuwa na furaha. Miezi mitatu alikuwa akijiuliza kama amerukwa na akili, na kumbe yu mzima.

Mwalimu Shibukawa aliitwa. Alisikiliza huku anakuna kidevu, akamgeukia binti.

"Una neno la kujitetea?"

"Sina, Mwalimu. Nimekosa."

"Ulikuwa unamharibia?"

Iroha aliinua uso. Akamtazama Mizuho, akatazama chini. "Nilishika kiatu kisicho changu. Nimekosa."

Mizuho naye alilelewa hivyo hivyo: ukikaripiwa, omba radhi, ufunge mdomo, maana maelezo ni visingizio. Kwa hiyo ukimya ule haukumwambia kitu. Awe mwizi, awe malaika, Iroha angenyamaza vilevile.

"Basi hukimbii," Mwalimu alisema. "Kusanya vitu, nenda kwenu."

Usiku ule Mizuho alivilaza viatu kitandani, kati yake na ukuta. Kabla ya hapo alikisugua upya kile cha kulia ili kufuta ufisadi wa Iroha. Chuma kikishanolewa hubaki unyuzi mwembamba wa chuma pembeni, hauonekani kwa macho, nao usipoondolewa kiatu hakishiki barafu. Unauondoa kwa kinoo kidogo huku kidole gumba kikikuambia wapi bado na wapi basi. Alisugua, akapapasa, akasugua tena. Cha kushoto hakukigusa, kwani kilikuwa kimefunikwa salama.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wafugaji wa ng'ombe walikuja na familia zao na mikate ya maharage matamu makwapani ipate kubaki na joto. Waliliita jina lake, na yeye akasimama kwenye mstari akiwa mwepesi, kwa mara ya kwanza msimu ule bila adui nyuma. Bastola ikalia. Alitoka vizuri. Kona ya kwanza vizuri. Kona ya mwisho akalala ndani, akausukuma mguu wa kulia, na mguu ukamtoroka. Mkono ukagusa barafu. Hakuanguka, lakini mashindano yale mkono ukigusa barafu ni sawa na umekaa chini ukanywa chai. Msichana mmoja wa Nagano, ambaye hakuna aliyemfikiria, akaongoza.

Mchawi hayupo, na uchawi uko palepale.

Alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akajifungia. Akamfikiria kila mtu. Mwalimu? Kwa nini hakumuuliza Iroha zaidi, wana lao jambo? Mzee anayefagia ukumbi, yule mwenye funguo zote? Akamfikiria hata mama yake, aliyepiga simu kumpa pole mapema mno, kama aliyekuwa akiisubiri. Loo, shaka ikishaingia nyumbani haibakizi mtu, inamkalisha hadi mama mzazi kizimbani.

Mwishowe akabaki na viatu tu. Vimelala naye. Hakuna aliyevigusa ila yeye.

Kuna namna moja ya kuuona huo unyuzi, ya watoto wa shule, ambao vidole vyao hufa ganzi kwa baridi na haviwezi kupapasa. Unachukua pamba, unaipitisha kwenye makali. Chuma kikiwa safi, pamba inapita. Kikiwa kibaya, kinaing'ang'ania. Bingwa hapimi kwa pamba, ni aibu. Bingwa anapima kwa kidole. Mizuho alizima televisheni, akavuta pazia kana kwamba anataka kuiba, akachukua pamba ya kufutia uso.

Cha kushoto, kile alichomaliza Iroha: pamba ikapita kama juu ya kioo.

Cha kulia, alichokimaliza yeye: pamba ikabaki yote kwenye chuma, imening'inia vipande vipande.

Akarudia. Ikawa vilevile. Akakaa sakafuni, akakitazama kidole gumba chake cha mkono wa kulia, na kovu linalokizunguka. Kiangazi kilichopita, akimsaidia kaka yake shambani, mashine ya viazi ilikikamata. Daktari alishona, akasema hisia huenda ikarudi, huenda isirudi. Timu aliiambia ni mchubuko. Haikurudi. Aliendelea kupapasa chuma kwa kidole kisichosikia kitu, akijiambia kwamba kinasikia kidogo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Na kuna mtoto mmoja, akifuta maji kila siku, aliyeona. Akawa anarudi kwa siri kumalizia alichokosea mkubwa wake. Zile siku nzuri zote! Safarini, Iroha alipoachwa nyumbani, hakukuwa na wa kumalizia. Mizuho alilia kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta.

Alipomaliza kulia alinawa uso, akaenda kwa Mwalimu Shibukawa, akasimulia yote, na kidole akakionyesha.

Mzee alikishika, akakifinya. "Hapa?"

"Sisikii."

"Mjinga wewe," alisema. Akakohoa. "Nikimrudisha, kesho anakimbia. Amepumzika, ana hasira, ana miaka ishirini. Unajua maana yake?"

"Najua, Mwalimu."

"Ukinyamaza, kesho umebaki wewe na yule wa Nagano tu."

"Nimesema najua."

Alimkuta Iroha kwenye uwanja wa shule ya msingi ya mtaani kwao, pamoja na wazazi wa mtaa, wameshika mpira wa maji, wanamwagilia ardhi igande, watoto wapate barafu yao kama kila mwaka. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa jalidi. Alipomwona Mizuho aliuachia mpira, maji yakamlowesha baba mmoja, naye akapiga yowe.

"Samahani, dada!"

"Acha samahani! Kwa nini hukuniambia?"

Iroha alitazama pembeni. "Ningeanzia wapi? 'Bingwa, hujui kunoa'?"

"Hata mbele ya Mwalimu, ulipokuwa unafukuzwa?"

"Mbele ya Mwalimu ndiyo kabisa. Angekuondoa wewe."

"Si ndiyo vizuri? Ungeniacha nilivyo, ungenishinda kirahisi."

"Nimeanza kukutazama nikiwa darasa la pili," Iroha alisema, na mara hii sauti yake ilikuwa na ukali. "Miaka yote hiyo halafu nikishinde kidole chako? Nataka kukushinda wewe."

Mizuho alimwekea mfuko wa viatu mikononi. Mwenye akili timamu asingefanya hivyo, lakini wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. "Kimalize cha kulia. Kesho unarudi kukimbia. Nimeshasema kwa Mwalimu."

Binti akaukumbatia mfuko ule, machozi yakamgandia mashavuni.

Sasa, msidhani shaka hufa kwa siku moja. Jumapili asubuhi Iroha alimkabidhi viatu kwa mikono miwili, akainama, akaenda kukaa benchi la mbele yake. Mizuho akapitisha kidole gumba kwenye makali. Kimya. Ni sawa na kupapasa hewa. Ndipo ile shaka ikamnong'oneza tena: sasa anakijua kilema chako. Nafasi ni moja. Nani ataona? Ukianguka leo watasema kidole. Wewe ndiye uliyempa kisu kwa mkono wako.

Pamba ilikuwa mfukoni. Aliichomoa.

Iroha aliiona. Aliacha kufunga kamba za viatu vyake. Uso wake ulikuwa uleule wa kwenye mkeka, uso wa mtu anayesubiri kuambiwa amekosa.

Mizuho akaitazama pamba. Akaipeleka puani, akapenga kamasi kwa nguvu, akaitupa kwenye ndoo.

"Baridi ya leo!" alisema. "Funga viatu, mtoto. Unanichelewesha."

Mbio hizi hukimbiwa wawili wawili, na wao waliwekwa pamoja, zamu ya mwisho, Iroha njia ya ndani, Mizuho ya nje. Bastola. Mizuho alitoka wa kwanza, mbele kwa hatua nzuri. Kwenye sehemu iliyonyooka ya nyuma wakabadilishana njia, kama kanuni inavyotaka, na kona ya mwisho ikamkuta yeye ndani, kwenye mviringo mkali, mahali palepale pa jana. Hapo ndipo mtu mwenye shaka huinuka kidogo, kujihami. Hofu ilimwambia inuka. Akalala chini kuliko alivyowahi kulala, akaubebesha mguu wa kulia uzito wake wote, na chuma kikang'ata, kikashika, kikamtupa mbele. Alisikia watu wakipiga kelele. Alisikia pia, upande wa kulia, pumzi za mwingine zinakuja, zinakuja, zikafika.

Walivuka karibu pamoja. Mizuho alinyanyua kichwa kwenye ubao. Iroha wa kwanza, yeye wa pili, wa Nagano wa tatu. Muda wake ulikuwa bora kuliko wote alioupata tangu mashine ya viazi, na haukutosha. Nafasi imekwenda. Iliuma, jamani, iliuma hasa, na hakuna wa kumlaumu. Alitafuta wa kumlaumu, kwa mazoea, hakumpata.

Iroha alikuja polepole, kofia mkononi, analia, ameshaanza kuinama. "Dada, sama..."

"Ukisema samahani nakuzaba kofi mbele ya watu wote hawa." Mizuho alimshika bega, wakaenda pamoja wakihema. "Sikiliza. Umechelewa kutoka. Na kona ya kwanza umejiinua mno. Huko unakokwenda hawatakusubiri. Nakuambia wazi, sirudi kwa siri kukurekebisha."

"Ndiyo, dada."

"Haya. Na mimi?"

"Na wewe nini?"

"Nimekosea wapi? Sema."

Iroha alitazama kushoto na kulia, kana kwamba anaombwa aibe. Wakaenda nusu ya kona.

"Mkono wa kushoto," alisema kwa sauti ndogo. "Ukitoka kwenye kona unaurusha nje mno. Unakupunguza mwendo."

Mizuho alisimama. Akautazama mkono wake wa kushoto.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, dada."