Msalaba wa Mwenyekiti

Mutunga alipenda kuitwa Mwenyekiti kuliko alivyopenda jina alilopewa na mamake, na hilo alilijua mwenyewe. Kamati ya Kuokoa Kanisa Kuukuu ilikuwa na watu wachache tu hapo Kariobangi, mmoja wao mkewe Kavutha, aliyeingizwa bila kuulizwa. Lakini kanisa lenyewe, la mawe, ambalo waumini walilihama wakafuata ukumbi wenye spika kubwa, Mutunga alilipenda kwa dhati. Mlango wake ulichongwa na marehemu babake. Huo ukipotea, hangebaki na kitu kingine cha mkono wa mzee.

Basi akaamua kulitia alama, watu wajue bado ni nyumba ya Mungu. Habari ya fundi wa rangi hakutaka hata kuisikia. "Mimi mtoto wa mchongaji, nichorewe msalaba? Thubutu!" Akanunua rangi nyekundu, akapanda ngazi. Ngazi ikainama upande, naye akainama nayo, kwa hiyo machoni pake msalaba ulinyooka sawasawa. Chini yake akaandika kwa mbwembwe: MWENYEKITI. Kisha akaenda matangani Machakos, akijisifu njia nzima.

Jamani, nani Nairobi hajui maana ya eksi nyekundu ukutani? Ni bomoa!

Aliporudi, mabati hayapo, mbao hazipo. Wasike, fundi wa vyuma jirani, alikuwa akifunga dirisha la mwisho kwenye mkokoteni.

"Wasike! Unaiba kanisa?"

"Naiba? Si wewe umepiga eksi na sahihi chini yake? Tunaokoa vitu kabla tingatinga halijafika."

"Ule ni msalaba!"

Wasike aliinamisha kichwa upande. "Aa. Ukikaa hivi, kweli."

"Na mlango?"

"Huo ulitoka wa kwanza. Muulize mama watoto. Tulipomwona yeye anaubeba, tukajua mambo ni rasmi."

Mutunga alikimbia nyumbani roho mkononi. Mlango ulikuwa umesimama sebuleni, umefunikwa leso. Akaufunua, akauegemezea paji la uso, akalia wazi wazi.

"Nilikupigia, hukushika," Kavutha alisema. "Nikasema kanisa liende, lakini mlango wa baba mkwe hauendi."

"Kwa hiyo kanisa nimelibomoa mimi."

"Wewe na mimi. Kesho utaandika RUDISHENI, Mwenyekiti. Lakini ngazi nitaishika mimi."