Mkono wa Shaba wa Letondo

Letondo hakuwa mtu wa kukimbia kwa woga. Alikimbia kwa sababu Warumi walipenda kukimbiza. Walimfuata mpaka korongoni wakizomea, wakigeuka wanakuta njia imezibwa magogo, na juu yao vijana wa milima ya Iberia wameshika mawe. Majemadari wengi wa Rumi walirudi kwao kwa aibu kwa sababu yake.

Ambato alikuwepo kote huko. Yeye alikuwa mtu wa kiapo. Ukishamwapia mkuu wako, siku akianguka na wewe unaanguka. Hubaki nyuma kusimulia.

Asubuhi hiyo Letondo aliwaambia vijana washuke bondeni bila panga.

"Warumi wamechoka, wanataka tuelewane. Kanyweni nao pombe ya ngano. Mtu hanywi amani na upanga kiunoni."

"Na wewe mzee huji?" akauliza Medugeno, mdogo wake Ambato. "Au unaogopa utalewa utuaibishe?"

"Mguu huu. Ambato atabaki anikande."

Wakashuka wakicheka. Ambato akakaa karibu na moto ndani ya kibanda, akamkanda mkuu wake huku anatafuna mkate wa mbegu za mwaloni. Alipolivuta joho jeusi la Letondo pembeni, kitu kikadondoka.

Kilikuwa kiganja cha shaba. Mikono ya namna hiyo hutengenezwa miwili, imeshikana. Mnaiachanisha, kila mtu anachukua mmoja, na kuanzia hapo mwenye mwenzake ni ndugu yako, mlango wake ni wako. Ambato aliijua yote ya Letondo. Huu hakuujua. Kusoma hakujua pia, ila herufi zilizochorwa juu yake alizitambua. Zilikuwa kama zile za kwenye vipande vya madini ya risasi ambavyo Warumi walivirusha kwa kombeo. Kimoja alikichomoa kwa meno kwenye paja la Medugeno.

"Huu wa nani?"

"Lete hapa."

"Wa nani, mkuu?"

Letondo akachokoa moto. "Wa mtu atakayeniachia mlima huu, na ng'ombe wangu, nizeeke. Nimechoka, Ambato. Wewe hujachoka?"

"Kuchoka nimechoka. Sijauza mtu."

"Wangekufa tu. Mwaka huu, mwaka kesho."

Basi kelele zikapanda kutoka bondeni. Ambato akasimama mlangoni aangalie, lakini ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hazikudumu. Watu wasio na panga hawachukui muda.

"Wewe nimekubakiza," Letondo akasema. "Hilo hulioni?"

"Medu umembakiza?"

Letondo akachokoa moto tena.

"Ulinibakiza mimi kwa sababu unajua siwezi kukugusa."

"Ndiyo, huwezi. Ukiniua umejiua. Uliapa mwenyewe, sikukulazimisha."

"Najua," Ambato akasema. "Subiri basi nimalize mkate."

Akautafuna taratibu mpaka ukaisha, akapangusa mikono kwenye suruali. Hapo Letondo akaelewa. Akaruka kuufuata upanga wake uliotundikwa kwenye nguzo, na mguu ule mbovu ukaruka vizuri tu, kama wa kijana. Ambato akamwahi, akamuua.

Aliyekufa vitani hachomwi, anaachiwa tumbusi, ndege wala mizoga, wampeleke kwa miungu. Moto ni wa aliyekufa kitandani kwa kuhara. Letondo alikuwa ameitafuta heshima ya tumbusi maisha yake yote, na Ambato akamnyima. Akamburuta mpaka motoni, akavunja benchi, akavunja kitanda, akarundika vyote juu yake na lile joho. Alikuwa analia, na alijichukia kwa kulia, maana huyu mzee ndiye aliyemfundisha kupanda farasi.

Kisha akachukua upanga wake mwenyewe, akatoka.

Ukungu ulikuwa umeanza kuachia. Tumbusi walishaanza kuzunguka juu ya bonde. Warumi walikuwa wanapanda kwa farasi, na wa mbele ameshika kiganja cha shaba juu, kama mgeni anayekuja kula.

"Rafiki yangu Letondo yuko?" akauliza kwa lugha ya mlimani, akiitamka vibaya.

"Yupo ndani," Ambato akasema. "Anaota moto."

Yule Mrumi akatabasamu, akashuka kwenye farasi. Ambato akamsogelea, upanga ameuficha nyuma ya mgongo.